Kila Jioni Tunashinda, Asubuhi Mji Umeanguka

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Goma, mashariki mwa Kongo, naishi Dar es Salaam kwa sababu ya kazi. Januari 2025 nilikuwa nafuatilia taarifa za vita kila jioni: adui amerudishwa nyuma, kijiji fulani kimekombolewa, hali imedhibitiwa. Nikampigia mama nikamwambia asihangaike, atulie nyumbani. Siku chache baadaye waasi walikuwa mjini. Mama yu hai, namshukuru Mungu, lakini ile simu inanitafuna mpaka leo. Mdogo wangu anasema serikali zote ni waongo, na siku hizi anafuata kurasa za upande wa pili na makundi ya WhatsApp tu. Naomba kuuliza: msemaji wa jeshi anapotangaza ushindi, huwa anajua kwamba anadanganya? Kwa nini wasiseme ukweli tu? Na mtu wa kawaida azisome vipi taarifa hizi, wakati uhai wa mzazi wake unazitegemea?*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na ile simu, maana naona ndiyo iliyokufanya uandike. Ulimwambia mama yako kile ambacho watu wengi wa Goma walikuwa wakiambiana wiki ile. Na sidhani kama alibaki kwa ajili ya maneno yako peke yake. Watu wa umri wake waliuona mji ukichukuliwa na waasi wa M23 tarehe 20 Novemba 2012, na wakawaona waasi hao hao wakiondoka mwanzoni mwa Desemba, kabla hata wiki mbili hazijaisha. Aliyepitia hilo ana sababu ya kusema na hili nalo litapita. Halafu kukimbia, akimbilie wapi? Barabara ya Sake ilikuwa na vita, ziwa lina hatari zake, na kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, ni uamuzi ambao Mkongo haufanyi kwa moyo mwepesi. Taarifa za jioni zilikuwa sababu moja kati ya nyingi.

Sasa maswali yako. La kwanza umelitega kana kwamba majibu ni mawili tu: anajua anadanganya, au hajui. Kusoma taarifa za vita ndiyo kazi yangu, zamani na za sasa, na ninachokiona ni kwamba uongo mkubwa wa vita mara nyingi hautengenezwi mezani kwa msemaji. Unatengenezwa kule chini, kipande kwa kipande, na watu ambao kila mmoja ameongeza kidogo au amepunguza kidogo. Unapomfikia msemaji tayari umevaa sare, una namba, una muhuri.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni vita vya Marekani nchini Vietnam, kwa sababu nyaraka zake nyingi zimefunguliwa na wengi waliohusika walisema kabla hawajafa. Nivumilie nikae hapo kidogo, kisha turudi nyumbani.

Katika vita vya kawaida unaweza kuangalia ramani: jana tulikuwa mto huu, leo tuko mto ule. Vietnam haikuwa hivyo. Mchana kijiji ni cha serikali, usiku ni cha wapiganaji wa msituni. Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert McNamara, alikuwa mtu wa hesabu, aliyetokea kuongoza kampuni ya magari ya Ford. Alitaka vitu vinavyohesabika. Basi kipimo kikuu cha mafanikio kikawa idadi ya maiti za adui. Kamanda wa kombania alikaa katika nafasi hiyo kwa takriban miezi sita, na ndani ya miezi hiyo alitakiwa aonyeshe kazi. Idadi yake ya maiti ikiwa ndogo, mwenzake mwenye idadi kubwa ndiye atakayepanda cheo. Askari akikuta damu kwenye nyasi anaandika maiti. Vikosi viwili vikipita kwenye mtaro mmoja, kila kimoja kinawahesabu wafu wale wale. Na mkulima aliyepigwa risasi akikimbia shambani kwake, ukimwandika adui hakuna wa kukubishia. Ni kama kumpa mwanafunzi kalamu nyekundu ajisahihishie mtihani wake, halafu mzazi ashangae kwamba mtoto hafeli.

Nikuonyeshe taarifa moja kwa karibu. Tarehe 16 Machi 1968 kombania moja ya Marekani iliingia katika kijiji kinachojulikana kwa jina la My Lai, mkoa wa Quang Ngai. Taarifa iliyotolewa kwa waandishi ilisema maadui 128 wameuawa, na magazeti ya Marekani yakaichapa kama habari ya ushindi. Lakini katika hesabu za siku ile kulikuwa na namba nyingine: silaha zilizotekwa, 3. Watu 128, bunduki 3. Ukweli ulikuja kujulikana Novemba 1969, mwandishi Seymour Hersh alipoichapa habari hiyo: waliouawa walikuwa wazee, wanawake na watoto. Hesabu ya jeshi la Marekani lenyewe baadaye ilifika 347. Ya Wavietnam ni 504.

Hakuna aliyehitaji kufika My Lai ili ashtuke. Ilitosha kuziweka namba hizo mbili jirani na kujiuliza maadui 125 walikuwa wanapigana na nini. Na hilo halikuwa tukio la peke yake. Kati ya Desemba 1968 na Mei 1969, katika delta ya mto Mekong, divisheni moja ya Marekani ilitangaza kuwa imeua maadui 10,899 na kuteka silaha 748. Karibu watu 15 kwa kila silaha. Kamanda wake alipandishwa cheo.

Kwa hiyo msemaji wa jeshi la Marekani mjini Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, aliyekuwa akizungumza na waandishi kila siku saa kumi na moja jioni, hakuwa lazima anabuni. Alikuwa anasoma karatasi iliyopita mikono mingi. Waandishi waliokuwa wametoka vitani siku ileile walikaa wakisikiliza vita ambavyo hawakuviona, na kikao chenyewe wakakibatiza Vichekesho vya Saa Kumi na Moja.

Lakini nisimtetee kila mtu. Kuna ngazi ambako watu wanajua, na ushahidi upo.

Mwaka 1967 mchambuzi mmoja wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Sam Adams, alikuwa akigombana na makao makuu ya jeshi huko Saigon kuhusu idadi ya adui. Jeshi lilishikilia kwamba maadui hawafiki 300,000. Adams, akisoma nyaraka zilizotekwa kwa Wavietnam wenyewe, aliona wanakaribia mara mbili ya hapo. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye mgambo wa vijijini, wale wanaotega mabomu na mitego njiani, mchana wakilima. Jeshi likataka mgambo hao waondolewe kwenye jedwali. Naibu kamanda, Jenerali Creighton Abrams, aliandika katika ujumbe wa siri wa Agosti mwaka huo kwamba wamekuwa wakionyesha sura ya mafanikio, na namba kubwa zingewafanya waandishi wafikie hitimisho baya. Septemba CIA ikakubali. Tazama ufundi wake: hapakuandikwa namba ya uongo hata moja. Mstari mmoja tu ulifutwa kwenye jedwali, na adui akapungua bila mtu kufa.

Mfano wa pili alisimulia Daniel Ellsberg, yule aliyekuja kuzivujisha nyaraka za siri za Wizara ya Ulinzi mwaka 1971. Oktoba 1966 alikuwa kwenye ndege moja na McNamara wakirejea Washington kutoka Vietnam. Ndani ya ndege Waziri alisema kwamba kwa kuwa wameongeza askari wengi na hali iko palepale, maana yake imezidi kuwa mbaya. Ndege ikatua. Akashuka ngazi, akakutana na vipaza sauti, na akawaambia waandishi kwamba ametiwa moyo na maendeleo aliyoyaona. Kutoka kwenye kiti mpaka kwenye vipaza sauti ni dakika chache.

Hapo jibu la swali lako la kwanza limekamilika, kadiri ninavyoweza kulikamilisha. Chini wanakuza kwa hofu ya mkubwa. Katikati wanachagua cha kuhesabu. Juu, baadhi wanajua kabisa. Msemaji yuko katikati, na mara nyingi anajua kidogo kuliko unavyodhani.

Je, kwa nini wasiseme ukweli tu? Wasemaji wenyewe hujibu kwamba wananchi hawawezi kubeba habari mbaya, wataogopa, vita vitapotea. Dhana hii imeenea sana hata kwa watu wema, na ndiyo ninayotaka kuivunja kuliko zote.

Novemba 1967 Rais Lyndon Johnson alikuwa na shida ya kura za maoni. Ikulu ikaendesha kampeni nzima ya kuonyesha kwamba vita vinakwenda vizuri, na kamanda mkuu, Jenerali William Westmoreland, akaitwa nyumbani kuja kuisaidia. Tarehe 21 mwezi huo, mbele ya waandishi mjini Washington, akasema wamefika mahali ambapo mwisho umeanza kuonekana. Wiki kumi baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 31 Januari 1968, sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam iitwayo Tet, wapiganaji walishambulia miji zaidi ya 100 kwa mpigo. Wengine walitoboa ukuta wa ubalozi wa Marekani mjini Saigon na kupigana ndani ya uwanja wake kwa saa kadhaa. Mji wa Hue ulipiganiwa karibu mwezi mzima.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo somo lilipo. Kijeshi, Tet ilikuwa hasara kubwa kwa walioshambulia. Walipoteza wapiganaji wengi mno, uasi wa wananchi walioutarajia haukutokea, na miji karibu yote ikarudi mikononi mwa serikali ndani ya siku chache. Johnson na majenerali wake walilisema hilo, na safari hii walikuwa wanasema kweli. Hawakuaminika. Walter Cronkite, mtangazaji wa televisheni aliyeheshimiwa kuliko wengi, alikwenda kujionea, akarudi na tarehe 27 Februari akawaambia Wamarekani kwamba vita vimekwama. Tarehe 31 Machi Johnson akatangaza kwamba hatagombea tena urais.

Kilichomwangusha si shambulio. Ni Novemba. Angesema Novemba kwamba adui bado ana nguvu na anaweza kushambulia mijini, Tet ingekuwa habari mbaya iliyotarajiwa. Alisema mwisho unaonekana, basi kila moshi wa Saigon ukawa ushahidi dhidi yake. Watu hubeba hasara kubwa. Wasichoweza kukibeba ni kugundua kwamba walikuwa wanabembelezwa.

Wanaosema mambo hayo ni ya Wazungu nawakumbusha vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia sehemu ya Tanzania kaskazini mwa mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa ni ya Uganda. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba hakuja na habari kwamba hali imedhibitiwa. Alisema nchi imevamiwa. Kisha akasema sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, maneno ambayo kila Mtanzania anayajua. Zingatia kwamba hiyo haikuwa taarifa ya maendeleo ya vita. Hakutaja tumewaua wangapi, wala hakutoa tarehe ya kumaliza. Hasara aliitaja kwanza, dhamira ikafuata. Watu wakajitolea.

Nami sitaki kupamba. Serikali ile ile, majeshi yake yalipoingia ndani ya Uganda mwanzoni mwa 1979, haikupenda kulikiri jambo hilo hadharani kwa kuogopa lawama za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na sifa nyingi za ushindi zikapewa wapiganaji wa Uganda waliokuwa upande wetu. Na vita vilipokwisha, Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18! Waulize waliokuwa watu wazima wakati huo. Ilipita, na mingine ikapita, foleni za sukari na sabuni zikaingia miaka ya 1980, na unga wa njano ambao watu waliubatiza yanga ukawa chakula cha mjini. Yapo yaliyosababisha ambayo hayakuwa mikononi mwake, bei ya mafuta ya dunia ikiwa moja. Lakini alitoa tarehe, na tarehe ikamsuta, kwa sababu tarehe ndiyo ahadi rahisi kuliko zote kwa mwananchi kuipima. Ndiyo maana viongozi wajanja wa vita huzikimbia tarehe kama ukoma.

Kuna njia ya tatu kati ya ukweli na uongo, nayo ni kunyamaza. Hapa inabidi niwe mwadilifu kwa jeshi. Yapo ambayo halipaswi kuyasema: askari wangapi wako wapi, msaada unakuja kwa barabara ipi, majina ya waliokufa kabla familia hazijaambiwa. Msemaji anayesema hilo sitalijibu leo, mimi namheshimu. Shida ni ukimya usiokuwa na mwisho. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya askari wa Kenya kule El Adde, Somalia. Taarifa ya kwanza kutoka Nairobi ilisema kambi iliyoshambuliwa ni ya jeshi la Somalia iliyokuwa jirani, na kwamba Wakenya wamekwenda kujibu mashambulizi. Kumbe kambi iliyoangukia mikononi mwa wapiganaji ni yao. Siku kumi na mbili baadaye marais wa Kenya, Somalia na Nigeria walihudhuria ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Eldoret. Lakini idadi kamili ya waliokufa Serikali ya Kenya haikuitangaza. Ikabidi wengine wahesabu: CNN ikafikia angalau 141, Rais wa Somalia akataja kwenye televisheni idadi inayokaribia 200, Nairobi ikakanusha bila kutoa ya kwake. Majeneza yaliendelea kufika vijijini, kila kijiji kikijua la kwake. Na pengo hilo Al-Shabaab wakalijaza kwa video, wakisema wanavyotaka wao.

Sasa turudi Goma, na swali lako la tatu, kuzisoma taarifa hizi.

Jambo la kwanza, usisome neno la ushindi, soma jina la mahali, kisha fungua ramani. Januari 2025 mji wa Masisi ulichukuliwa mwanzoni mwa mwezi. Minova ilichukuliwa tarehe 21. Sake, ambayo wewe unaijua kuliko mimi, kama kilomita 25 tu kutoka Goma, ilianguka tarehe 23. Ukizipanga taarifa za wiki zile kwa majina ya mahali peke yake, bila kitenzi hata kimoja, utaona jambo ambalo vitenzi vilikuwa vinalificha: kila mapigano mapya yalikuwa karibu zaidi na nyumba ya mama yako kuliko yaliyotangulia. Adui anayerudishwa nyuma kila siku huku akizidi kusogea mbele hajawahi kuwepo duniani. Kanuni hii ni ya zamani sana, imefanya kazi karibu katika kila vita niliyoisoma, na haihitaji siri yoyote ya jeshi.

La pili, angalia miguu ya watu, usiangalie midomo. Gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Peter Cirimwami, aliuawa karibu na mstari wa mbele wiki ile ile, na mstari wenyewe ulikuwa umeshafika karibu na mji. Marekani, Uingereza na Ufaransa ziliwaambia raia wao waondoke Goma. Tarehe 25 Umoja wa Mataifa ukaanza kuwaondoa wafanyakazi wake wasio wa lazima. Usiku wa kuamkia tarehe 27 M23 wakatangaza kwamba wameuchukua mji. Hizo si habari za ndani. Zote zilikuwa hadharani. Aliyekuwa mjini angeweza kuongeza na nyingine zisizofika kwenye vyombo vya habari: tajiri gani amehamisha familia, petroli inauzwaje, wake wa askari wanafungasha au wanafua nguo kama kawaida. Wake wa askari ni chanzo ambacho wanazuoni wenzangu hawakiandiki, na ni kosa lao.

La tatu, jiulize nani amehesabu na anapimwa kwa namba hiyo hiyo au la. Kamanda akikuambia ameua waasi 100, hiyo ni namba inayompandisha cheo. Mkurugenzi wa hospitali akisema amepokea majeruhi 100, namba hiyo haimpandishi popote, inamwongezea deni la dawa tu. Mimi huchukua ya hospitali. Na namba ambazo hakuna wa kuzihakiki, hasa za watu waliouawa msituni, nazipita tu kama sijaziona. Kule Afghanistan kwa miaka walitangaza jeshi la serikali la watu 300,000. Wakaguzi wa Marekani wenyewe waliandika mara kwa mara kwamba humo mna askari hewa, majina ya kuchukulia mishahara. Julai 2021 Rais Joe Biden aliitaja tena namba ile ile kuwatuliza watu. Tarehe 15 Agosti Kabul ikaanguka.

Kuhusu mdogo wako. Anayo hasira ya haki, lakini ameihamisha imani yake badala ya kuipunguza. Upande wa pili nao una msemaji. Mwanzoni mwa Februari 2025, baada ya kuichukua Goma, muungano wa M23 ulitangaza kusitisha mapigano kwa sababu za kibinadamu, na ukasema kabisa kwamba hauna nia ya kuiteka Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini. Katikati ya mwezi huo huo wapiganaji wake walikuwa wanaingia Bukavu. Na Rwanda, inayotajwa kuwaunga mkono M23, kwa miaka imekanusha kuwa na askari wake wanaopigana Kongo, wakati wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti wakikadiria maelfu. Mwulize mdogo wako: kipimo ulichowapimia serikali ya Kinshasa, na hawa umewapimia?

WhatsApp ni shida ya namna nyingine. Sauti ya mtu analia kwamba wameshafika Katindo, hapo Goma, inaweza kuwa ya leo, inaweza kuwa ya 2012. Watu wanapenda kusema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika vita, lisemwalo mara nyingi lilikuwepo mahali pengine, mwaka mwingine, na limetumwa tena na mtu mwenye hofu au mwenye nia. Ujumbe usio na jina la mtu unayemjua, mtaa na saa, uache ulipo, usiusambaze. Wenye hivyo vitatu una thamani kuliko taarifa rasmi, hata kama umeandikwa vibaya.

Usije ukahitimisha kwamba taarifa rasmi hazina kazi. Zinakuambia serikali inataka uamini nini, na hiyo nayo ni habari. Ikianza kusisitiza jambo ambalo jana hakuna aliyelitilia shaka, kwa mfano kwamba uwanja wa ndege ni salama, ujue kuna mtu amelitilia shaka. Na zipo siku zinasema kweli tupu, kama Johnson baada ya Tet. Ndiyo gharama ya kupoteza kuaminika: siku ukiwa na ukweli huna wa kumpa.

Yote niliyoyaeleza hapa ni ya kuelewa vita. Si ya kuamua kama mzazi aondoke nyumbani usiku huu. Uamuzi huo usiufanye kwa taarifa ya msemaji, wala kwa uchambuzi wa mwalimu wa chuo aliyekaa mbali kama mimi. Tafuta watu watatu wasiojuana vizuri walioko mtaani kwake au njia atakayopita: dereva, muuguzi, kiongozi wa kanisa au msikiti. Wasikilize kila mmoja peke yake. Wakikubaliana wawili, wafuate, hata kama redio inasema vingine. Na panga mapema, kukiwa kimya: vyeti viko wapi, dawa za presha za mwezi ziko wapi, atalala kwa nani usiku wa kwanza. Mama akisema hataki kuondoka, mwache aseme sababu zake mpaka mwisho. Pengine anajua jambo.

Ukiwa na ndugu uliyepotezana naye tangu Januari ile, usibaki kuhangaika na picha za mitandaoni. Msalaba Mwekundu una huduma ya kuwatafuta watu waliotenganishwa na vita na haitozwi pesa. Nenda ofisini kwao hapo Dar es Salaam ukiwa na majina yake kamili, mwaka wa kuzaliwa na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kama ndugu huyo ni askari, familia yake iulize kikosini kwake ana kwa ana na iombe jibu la maandishi. Simu zinajibiwa ovyo.

Na hilo la kutafunwa. Umeandika kwamba inakutafuna mpaka leo. Kama inakunyima usingizi, au unajikuta unampigia mama mara kumi kwa siku kuhakikisha tu, kamwone mshauri nasaha au daktari hospitalini, umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza. Kabla ya hapo, kama hujawahi, muulize mama mwenyewe kwa nini alibaki.